Murumbi na Hazina Aliyoiachia Kenya

Wakazi wa Nairobi wakipeana miadi katikati ya jiji, mara nyingi hutaja neno moja tu: Archives. Ni jengo la mawe lililosimama kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street. Enzi za ukoloni lilikuwa benki, na sasa ni makao ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Nje yake hukaa wanaosubiriana, wahubiri na wachuuzi, huku matatu zikipiga honi tangu alfajiri. Wengi wa hao wanaosubiriana hawajawahi kuvuka kizingiti. Wangevuka, wangejikuta katika ukumbi mpana uliojaa vinyago, ngao, viti vya wazee, ngoma, vito, vitambaa na picha za kuchora kutoka sehemu nyingi za Afrika, na ukumbi wenyewe unabeba jina la mtu mmoja: Joseph Murumbi.

Masimulizi mengi ya historia humtaja Murumbi kwa sentensi moja. Huambiwa alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, akashika wadhifa huo kwa miezi michache mwaka 1966, kisha akajiuzulu. Sentensi hiyo ni ya kweli lakini inampunja. Murumbi alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kabisa kukusanya sanaa ya bara lao kwa mpango na kwa fedha zao wenyewe. Alikusanya kazi za mababu na pia kazi za wasanii waliokuwa hai wakati wake, akazishikilia mpaka zikawa mali ya umma. Hilo ndilo linalostahili kuadhimishwa, na pamoja nalo inafaa isemwe wazi jinsi taifa lilivyoupokea urithi huo, kwa sababu halikuupokea wote vizuri.

Alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine, katika Bonde la Ufa. Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, na mama yake alikuwa Mmasai. Angali mdogo alipelekwa India kusoma, akakulia Bangalore na Bellary katika shule za Kikatoliki, na aliporudi Kenya katika miaka ya 1930 alikuwa kijana aliyeijua nchi ya baba kuliko nchi ya mama. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi: Mzungu, Mwasia, Mwafrika. Kila kundi lilikuwa na mishahara yake, makazi yake na vyoo vyake. Zuzarte kijana angeweza kubaki upande wa Waasia na kupata nafuu kidogo. Alichagua upande wa mama, akachukua jina la upande huo, na ndilo jina tunalomfahamu nalo.

Ni vigumu kuuelewa mkusanyiko wake bila kuuona uamuzi huo. Mtu aliyezaliwa ndani ya utamaduni wake na kubaki humo huenda asihisi haja ya kuutafuta. Murumbi aliutafuta akiwa mtu mzima, kwa kusoma, kwa kuuliza na kwa kununua.

Baada ya miaka kadhaa ya kazi Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Uingereza, alirudi Nairobi na kujiunga na Kenya African Union. Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa na viongozi wa chama kukamatwa, yeye ndiye aliyekaimu ukatibu mkuu. Alishiriki katika kuwatafutia mawakili Jomo Kenyatta na wenzake walioshtakiwa Kapenguria. Rafiki yake mkubwa wa siku hizo alikuwa Pio Gama Pinto, Mkenya mwingine wa asili ya Goa. Mwaka 1953 Murumbi aliondoka nchini kwenda kuitetea Kenya nje, akapitia India na Misri hadi London. Huko alikaa karibu miaka tisa.

London ndiko mkusanyaji alikozaliwa. Murumbi alifanya kazi na mbunge wa Uingereza Fenner Brockway katika vuguvugu la kudai uhuru wa makoloni, na baadaye katika ubalozi wa Moroko. Hakuwa tajiri. Lakini London ya miaka ya 1950 ilikuwa na maduka ya vitabu vikuukuu yaliyojaa maandishi kuhusu Afrika: safari za wapelelezi, ripoti za wamisionari, ramani, kamusi za lugha zetu, taarifa za serikali. Waingereza wengi waliviona kama vumbi la zamani. Murumbi aliviona kama ushahidi. Alianza kununua kitabu kimoja kimoja, na katika kazi hiyo alipata mwenzake wa maisha, Sheila, mkutubi aliyejua thamani ya karatasi na namna ya kuzipanga. Mume na mke walikusanya pamoja, na si haki jina la Sheila kuachwa pembeni kila hadithi hii inaposimuliwa.

Vitabu vilivuta vitu vingine. Stempu za posta zilifuata, kwa sababu stempu huonyesha nani alitawala wapi na lini. Baada yake vikaja vinyago, vito, nguo na silaha, na mwishowe michoro na sanamu za wasanii wa wakati ule.

Murumbi alirudi nyumbani mwaka 1962. Kenya ilipopata uhuru alikuwa Waziri wa Nchi katika ofisi ya Waziri Mkuu, na kuanzia mwaka 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Kazi hiyo ilimpitisha katika miji mikuu mingi, naye hakupenda kurudi mikono mitupu. Mei 1966 Kenyatta alimteua makamu wa rais kushika nafasi iliyoachwa na Jaramogi Oginga Odinga. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameachia ngazi. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa afya. Waliomjua kwa karibu wameeleza kwamba alikuwa amevunjika moyo. Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi Februari 1965, na Murumbi hakupendezwa na jinsi baadhi ya viongozi walivyoanza kujigawia ardhi na mali. Hakufanya kelele. Alijiondoa tu, akaenda kuwa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans nchini, na muda wake wote uliobaki akautoa kwa sanaa.

Hapa inafaa tukumbuke hali ya sanaa Afrika Mashariki wakati huo. Vipaji havikupungua. Chuo cha Makerere, Uganda, kilikuwa kimefundisha wachoraji na wachongaji tangu siku za mwalimu Margaret Trowell. Nairobi ilipata kituo cha utamaduni cha Chemchemi mwaka 1963, chini ya Ezekiel Mphahlele kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1965 Elimo Njau, Mtanzania kutoka Kilimanjaro, alishiriki kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa. Dar es Salaam ilikuwa na wachongaji wa Kimakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 Edward Said Tingatinga alianza kuchora wanyama wake kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za kawaida. Aliyekosekana alikuwa mnunuzi wa nyumbani. Kazi nzuri zilinunuliwa na watalii, mabalozi, wamisionari na madalali, zikapakiwa na kwenda Ulaya na Marekani. Mwafrika mwenye fedha alinunua gari, shamba, au picha ya Yesu iliyochapishwa Italia. Kinyago cha babu yake alikiona cha kishenzi, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa shuleni.

Murumbi alikwenda kinyume cha hayo yote. Nyumba yake ya Muthaiga, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wazungu, aliijaza Afrika kuanzia ukumbini hadi vyumbani. Na hakutofautisha sana kati ya cha kale na cha kisasa. Kinyago kilichotumika katika jando na chapa ya Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, kwake vyote vilikuwa mkono wa Mwafrika unaofanya kazi. Msimamo huo leo unaonekana wa kawaida. Miaka ya 1960, majumba ya makumbusho ya Ulaya yalikuwa bado yanaweka vinyago vyetu katika idara za elimu ya makabila, mbali na kuta za sanaa, na kazi za Waafrika waliosoma vyuoni yalikuwa hayajui yaziweke wapi. Murumbi alitatua suala hilo sebuleni kwake.

Mwaka 1970 alihudhuria maonyesho ya vitu vya Waturkana jijini Nairobi. Aliyevikusanya alikuwa kijana Mmarekani, Alan Donovan, aliyekuwa ameacha kazi ya misaada ya serikali ya Marekani huko Nigeria wakati wa vita vya Biafra, akazunguka bara hadi kufika ziwa linaloitwa sasa Turkana. Murumbi alivutiwa na alichokiona. Badala ya kununua vipande viwili vitatu na kwenda zake, alimhimiza kijana huyo arudi Turkana akakusanye zaidi. Ushirika ulioanza hapo ulidumu hadi kifo cha Murumbi.

Mwaka 1972 Murumbi, Sheila na Donovan walianzisha African Heritage, nyumba ya sanaa iliyokusudiwa kuuza na kuonyesha kazi kutoka bara zima. Ilikuwa duka, lakini ilikuwa pia shule, kiwanda na jukwaa. Watengenezaji wa vito walitumia shanga, shaba, pembe na fedha kubuni mapambo mapya kutokana na mitindo ya zamani. Wachongaji wa mawe laini ya Tabaka, Kisii, walipata soko. Maonyesho ya mavazi na muziki yalisafiri hadi Ulaya. Bendi ya African Heritage ilimtoa Job Seda, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Ayub Ogada na nyatiti yake. Nyumba hiyo ya sanaa ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya miongo mitatu. Ukiona leo dada wa Nairobi amevaa shanga za Kimasai juu ya gauni la harusi bila kuona haya, ujue kuna watu waliofanya kazi kuirejesha heshima hiyo, na Murumbi ni mmoja wao.

Tufike sasa kwenye jambo lililo kiini cha historia hii. Katikati ya miaka ya 1970 Murumbi alikuwa na mkusanyiko ambao taasisi za ng'ambo ziliutamani. Ofa zilimfikia kutoka nje, na zilikuwa za fedha nyingi kuliko ambazo Kenya ingeweza kutoa. Mtu mwingine angeuza, na hakuna sheria ambayo ingemzuia. Murumbi alikataa. Aliiuzia serikali ya Kenya maktaba yake, nyaraka zake na sehemu kubwa ya sanaa yake kwa bei ya chini, kwa sababu alitaka vibaki nchini. Vitabu peke yake vilizidi 8,000, na vilikuwa adimu, vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Mwanafunzi wa historia ambaye angelazimika kupanda ndege kwenda London ili akisome kitabu cha karne ya 19 kuhusu Mombasa au Zanzibar, sasa angeweza kukisoma Nairobi.

Nyumba ya Muthaiga nayo iliingia katika makubaliano hayo. Murumbi alitaka iwe chuo cha taaluma za Afrika chenye jina lake, mahali ambapo watafiti wangefika, wakalala, wakasoma na kuandika wakiwa wamezungukwa na mkusanyiko wenyewe. Kwa imani hiyo yeye na Sheila walihama, wakaenda kuishi Intona, shamba lao huko Trans Mara, si mbali na ardhi ya Wamasai wa upande wa mama yake.

Chuo hakikujengwa. Miti aliyoipanda ilikatwa, nyumba ikabomolewa, na kiwanja kikaenda kwa matumizi mengine. Murumbi aliishi hadi akayaona hayo kwa macho yake. Afya yake ilikuwa tayari imedhoofika kwa kiharusi, na rafiki zake wamesimulia kwamba uchungu wa nyumba hiyo haukumtoka. Kuna mambo katika historia ya taifa ambayo mwandishi hapaswi kuyapamba, na hili ni mojawapo. Raia alijinyima ili nchi yake ipate, nchi ikapokea, kisha ikavunja ahadi. Hatuwezi kuadhimisha jina lake kwa hotuba nzuri huku tukiliruka hilo.

Vitu vyenyewe, kwa bahati, vilinusurika. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, ilivipokea, na Murumbi mwenyewe alikaimu uenyekiti wa taasisi hiyo kwa muda. Kwake ofisi ya nyaraka haikuwa stoo ya serikali. Alikuwa ameishi London akajua kiasi gani cha historia yetu kilikuwa mikononi mwa wengine. Wakati ulithibitisha kwamba aliona sawa. Mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa na wazee wa Mau Mau, wapiganaji wa uhuru wa Kenya, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha huko Hanslope Park, Uingereza, maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni yake wakati wa uhuru, yakiwemo ya Kenya. Taifa lisilo na nyaraka zake hulazimika kuomba ruhusa ya kujijua.

Ni mwishoni mwa miaka ya 1970 ambapo Anne Thurston, mtaalamu wa nyaraka, alikaa na Murumbi na kurekodi masimulizi ya maisha yake. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa kitabu kilichotoka mwaka 2015, na bila hayo sehemu kubwa ya habari hizi ingezikwa pamoja naye.

Joseph Murumbi alifariki Juni 1990 akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Nairobi, pembeni mwa bustani ya City Park, karibu na kaburi la Pinto. Sheila alifariki mwaka 2000, akalazwa hapo pia. Kwa miaka kadhaa kaburi hilo lilikuwa katika hatari, kwa maana ardhi ya City Park yenyewe ilikuwa ikimegwa na wenye uchu wa viwanja. Donovan na wenzake walianzisha Amana ya Murumbi mwaka 2003, wakapigania mahali hapo, na mwaka 2009 ikafunguliwa bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za wasanii ambao Murumbi alikuwa amewaunga mkono. Kuna kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji kutoka Tabaka ambaye ndege wake wa mawe amesimama pia katika makao ya UNESCO, Paris. Kuna ya Francis Nnaggenda wa Uganda, aliyefundisha Nairobi na Makerere. Kuna ya Expedito Mwebe. Mwanasiasa huyu hakujengewa sanamu ya shaba akiwa amenyoosha kidole. Wasanii walimletea kazi zao, na sidhani kuna heshima ambayo angeipenda zaidi.

Amana hiyo ndiyo iliyoshirikiana na Hifadhi ya Nyaraka kuandaa upya ukumbi wa chini, na mwaka 2006 ukumbi wa Murumbi ukaanza kupokea wageni kwa sura unayoiona leo. Sehemu nyingine ya mkusanyiko, ile iliyokuwa imebaki mikononi mwa familia, ilipata makao katika Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa mwaka 1913 na ambayo umbali wa miji ya Kenya hupimwa kuanzia hapo. Humo utaona vyumba vya Joseph na Sheila, stempu, samani, vito, vitambaa, pamoja na kazi za wasanii waasisi wa Afrika ya kisasa. Donovan aliendelea kuyatunza haya hadi alipofariki mwaka 2021.

Yapo yaliyobaki kufanywa. Mkusanyiko wa aina hii unahitaji orodha kamili iliyochapishwa, yenye picha na maelezo, ili mwalimu wa Kitale au mtafiti wa Kinshasa ajue kilichomo bila kufunga safari. Maelezo yaliyo ukutani yanafaa yaandikwe pia kwa Kiswahili, lugha ya wale wanaopita mlangoni kila siku. Vitabu vya karne ya 19 havipendi joto, unyevu wala mchwa, na bajeti ya kuvitunza haipaswi kuwa ya kwanza kukatwa kila mwaka wa fedha unapobana. Hayo ni madeni, na anayedaiwa ni serikali.

Lipo pia la kwetu sisi. Murumbi alianza na vitabu ambavyo wenzake waliviona takataka. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, chini ya kitanda au ndani ya sanduku la bati, zipo barua za babu aliyepigana Burma, kadi za vyama vya kudai uhuru, picha za harusi za miaka ya 1940, madaftari ya ushirika wa kahawa, michoro ya mjomba aliyesoma Makerere. Mzee akifariki, watoto hufagia na kuchoma. Msomaji, kabla hujawasha moto, zipeleke nyaraka hizo Hifadhi ya Nyaraka iliyo karibu nawe, Nairobi, Dodoma, Zanzibar au Kampala, uwaulize wahusika kama wanazitaka.